Leseni ya fundi wa viyoyozi: tunapima mfuko, mkono hatuupimi

Mafundi wa viyoyozi na mitambo ya kupasha joto wana wimbo mmoja siku hizi: leseni zimezidi, gharama zimepanda, kazi hailipi. Wasimamizi wa sekta nao wana wao: vishoka, yaani mafundi wasio na leseni, wameharibu soko, kwa hiyo kanuni zikazwe. Kilichochochea mabishano haya upya ni mabadiliko ya gesi. Kwa Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyoongezwa kwenye Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, nchi nyingi zinazoendelea, zikiwemo za Afrika, zilitakiwa kusimamisha ongezeko la matumizi ya HFC, gesi za kupozea zinazoongeza joto la dunia, kuanzia 2024, kisha ziyapunguze kwa asilimia 10 ifikapo 2029. Marekani nayo, kuanzia Januari 1, 2025, ilizuia kutengenezwa kwa viyoyozi vipya vya majumbani vinavyotumia gesi ambayo kipimo chake cha kuongeza joto la dunia kinazidi 700, kaboni dayoksaidi ikihesabiwa 1. Fundi ananunua vifaa vipya, anarudi darasani, na katikati ya purukushani hiyo anakumbushwa kwamba leseni yake imeisha muda. Hapo leseni ndiyo inayobebeshwa lawama zote.

Naona pande zote mbili zimegonga mlango usio wao. Ada ya leseni si gharama kubwa ya fundi, na kukaza leseni kama zilivyo hakutamwondoa kishoka hata mmoja. Kasoro iko kwenye kile ambacho leseni hizi zinapima. Sehemu nyingi zinapima mtaji, anwani ya ofisi, dhamana na idadi ya miaka kazini. Kama mtu anajua kukausha bomba kabla ya kulifungulia gesi, hilo haliulizwi, au linaulizwa kwa mtihani wa kuchagua majibu. Matokeo yake fundi mzuri analipia karatasi ambayo haimtofautishi na mbaya, na mteja anayeiangalia haimwambii kitu.

Tuanze na gesi, maana ndiyo inayoyavuta mengine. R-22, iliyotawala viyoyozi kwa miongo mingi, inaondoka kwa sababu inakula tabaka la ozoni. Kwa nchi zinazoendelea, ratiba ya Montreal ilitaka matumizi ya kundi lake yapungue kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025 na asilimia 97.5 ifikapo 2030. Mrithi wake, R-410A, haidhuru ozoni, lakini kilo moja ikitorokea hewani inaongeza joto sawa na zaidi ya tani mbili za kaboni dayoksaidi. Tena shinikizo lake liko juu ya lile la R-22 kwa takriban asilimia 60, kwa hiyo siku ilipoingia, geji na mipira ya zamani ilibidi iwekwe kando. Sasa nayo inapisha R-32, yenye kipimo cha 675, na R-454B, ambayo ni mchanganyiko wa hiyo R-32 na gesi nyingine, yenye kipimo cha 466. Hizi mbili zina tabia ambayo zilizotangulia hazikuwa nayo: zinashika moto, ingawa kwa shida na polepole. Nyuma yao inakuja R-290, yaani propani, ndugu wa gesi ya kupikia, ambayo kwa hali ya hewa karibu haina madhara lakini kwa moto haina mzaha. Kuna jambo dogo linaloonyesha uzito wa mabadiliko haya. Mitungi mingi ya gesi zinazowaka ina nyuzi zilizokatwa kinyume, kusudi mtu asiichanganye na mingine. Fundi wa miaka 20 anazungusha nati kulia kama mkono wake ulivyozoea, haishiki, anarudia, haishiki. Ni mkono uleule uliofaulu mtihani wa leseni zamani, na leseni bado iko hai.

Sasa gharama. Anayedai leseni inaua biashara hebu achukue daftari la mkandarasi mdogo alipitie mstari kwa mstari. Ada ya leseni inalipwa mara moja kwa mwaka, au kwa miaka miwili au mitatu, kisha inagawanywa kwa kazi zote za kipindi hicho. Gesi inalipwa kila kazi, na bei yake sasa inafuata mgao wa kimataifa wala haimsikilizi fundi. Shaba inafuata soko la dunia. Gari linakula mafuta hata siku ambayo mteja hakufungua geti. Vifaa vya gesi mpya vinatakiwa visivyotoa cheche: kitambua uvujaji, mashine ya kunyonya gesi ya zamani, na wakati mwingine pampu ya vakyumu, ya kuvuta hewa yote ndani ya bomba, pia. Bima inapanda kadiri gesi inavyozidi kuwaka. Kuna miezi ambayo simu haiachi kulia na miezi ambayo vijana wanashinda wakipangusa vifaa, lakini mshahara hauangalii kalenda. Kuna mkandarasi mkuu wa jengo anayelipa siku 90 baada ya kazi, huku muuza vifaa akitaka fedha mkononi.

Juu ya yote hayo kuna gharama isiyoandikwa popote, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: kurudi bure. Mashine iliyofungwa vibaya inamrudisha fundi pale pale, bila malipo, siku ambayo angekuwa kwa mteja mwingine. Anapoteza mara mbili, kazi anayorudia na kazi anayoikosa. Kazi mbili tatu za namna hiyo katika msimu wa joto zinatosha kufuta faida ya wiki, na hakuna ada ya leseni ninayoijua inayoweza kufanya uharibifu wa kiasi hicho kwa mtu anayefanya kazi kila siku. Ndiyo maana nikisikia mkandarasi akilalamikia leseni huwa natamani kumuuliza amerudi bure mara ngapi mwezi huu.

Hata hivyo hoja ya wapinzani wa leseni haistahili kupuuzwa, na wengi wanaoijibu wanaijibu kwa dharau tu. Ikulu ya Marekani ilitoa ripoti mwaka 2015 iliyoonyesha kwamba mapema miaka ya 1950 chini ya asilimia 5 ya wafanyakazi wa nchi hiyo walihitaji leseni ya jimbo ili wafanye kazi yao, na baadaye wakafikia robo. Ripoti hiyo hiyo ilikusanya tafiti zilizoonyesha kuwa leseni hupandisha bei ya huduma kwa kati ya asilimia 3 na 16, huku ushahidi kwamba ubora unapanda ukiwa dhaifu. Kwa msusi wa nywele au mpambaji wa nyumba, nakubaliana nao bila kusita. Mteja akipendeza ataonekana, asipopendeza atasema mwenyewe.

Kazi ya gesi na moto haiko hivyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba anayeumia mara nyingi si yule aliyeafikiana bei. Kilo ya R-410A inayoachiwa juu ya paa ili fundi aokoe nusu saa haimdhuru mteja wala fundi. Gharama yake inagawanywa kwa dunia nzima, na soko halina namna ya kumtumia mtu ankara yake. Ya pili iko upande wa kupasha joto. Boila au tanuri la gesi lenye bomba la moshi lililoungwa vibaya linatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Hapo kusema soko litajirekebisha lenyewe ni kusema tusubiri maiti ya kwanza ndipo tujue fundi yupi hafai. Kwa hiyo leseni iwepo. Tunabishania ya namna gani.

Hoja dhaifu kuliko zote iko upande wa pili, na ndiyo inayosikika sana vikaoni: kaza masharti, vishoka watatoweka. Kishoka haathiriwi na masharti ya mlango ambao hapiti. Anayeathiriwa ni kijana aliyekaa miaka sita chini ya fundi mwingine, mkono wake ukiwa umeiva, anayetaka kusimama mwenyewe. Angalia masharti yenyewe. Texas inamtaka mwombaji aonyeshe miezi 48 ya kazi kwa vitendo chini ya mkandarasi mwenye leseni, ndani ya miezi 72 iliyopita. California inataka miaka minne ya uzoefu na dhamana ya dola 25,000, ambayo fundi haitoi yote taslimu bali huilipia ada kila mwaka kwa kampuni ya bima. Haya si masharti ya ajabu. Lakini jiulize ni nani anayethibitisha ile miezi 48. Kwa kawaida ni mwajiri, mtu yuleyule ambaye kesho atapoteza mfanyakazi na kupata mshindani kwa saini moja. Mfumo umemkabidhi ufunguo mtu mwenye sababu ya kuuficha. Huko huko Marekani, Illinois na Pennsylvania hazina leseni ya jimbo kwa kazi hii hata kidogo, zimeziachia manispaa. Mashine ni zile zile, gesi ni ile ile, na ukivuka mpaka wa jimbo umahiri unaanza kupimwa kwa njia nyingine au haupimwi kabisa.

Masharti ya mfuko yakizidi, linazaliwa jambo ambalo kila mtu wa kazi hii amewahi kulisikia: leseni ya kukodi. Mwenye leseni anakaa nyumbani, jina lake liko kwenye barua za kampuni tatu, na anayepanda ngazi na mtungi begani ni kijana asiye na cheti chochote. Kwenye makaratasi soko ni safi kabisa. Kukaza masharti kunapandisha kodi ya hilo jina, basi.

Niseme hapa jambo langu moja. Kiyoyozi changu kiliongezwa gesi misimu mitatu mfululizo na watu wa kampuni moja yenye leseni ukutani na magari yaliyochorwa vizuri. Kila mwaka walikuja, wakafunga geji, wakajaza, chumba kikawa baridi, nikalipa, nikashukuru. Mwaka wa nne alikuja fundi mwingine, peke yake. Hakugusa mtungi. Alichovya brashi kwenye maji ya sabuni, akapaka kwenye nati ya bomba jembamba nyuma ya mashine ya nje, akaniita nitazame. Povu dogo lilikuwa linapanda, linapasuka, linapanda tena. Alikata bomba kipande kifupi, akautanua mdomo wake upya, akafunga, akavuta hewa yote kwa pampu, kisha akapima gesi kwa mzani. Kilichokuwa kinanitoa fedha kila mwaka ni mdomo wa bomba la shaba uliopasuka ufa usiofika ukubwa wa punje ya mchele. Gesi ya mfumo uliofungwa haiishi kwa matumizi kama mafuta ya gari. Ikipungua, imetoka mahali. Fundi asiyeutafuta huo upenyo amekuuzia gesi itakayofuata ileile njia.

Kisa hicho ni kidogo, lakini ndani yake kuna hali nzima ya soko. Siku ya kwanza, kazi mbaya na kazi nzuri zinatoa ubaridi sawasawa. Fundi makini anapitisha nitrojeni ndani ya bomba wakati wa kulehemu ili masizi yasijikusanye, anajaribu kwa shinikizo, kisha anavuta vakyumu mpaka kipimo kishuke chini ya mikroni 500 (mikroni ni kipimo cha hewa iliyobaki ndani, kadiri zinavyopungua ndivyo bomba lilivyo tupu na kavu) na kuona kama kinatulia hapo, ndipo afungue gesi. Hiyo ni saa moja na nusu au mbili ambazo mteja hazioni. Mwenzake anafungua koki sekunde chache ili gesi yenyewe isukume hewa nje, anafunga, anaondoka. Unyevu uliobaki unachanganyika na mafuta ya kompresa na kutengeneza tindikali inayoila taratibu, na kompresa inakufa baada ya miaka michache, wakati hakuna anayekumbuka ni nani aliyefunga. Mteja analinganisha nukuu mbili za bei, anaona moja ni ya chini, anaichukua. Hawezi kulaumiwa, hakupewa kingine cha kulinganisha. Katika soko la namna hii umakini ni hasara, na mafundi wazuri wanaondoka au wanajifunza kufanya kama wenzao. Wanaobaki na nafasi ya kupumua ni makampuni makubwa, ambayo miaka ya karibuni huko Marekani yamekuwa yakinunuliwa na mifuko ya uwekezaji moja baada ya jingine, yenye uwezo wa kukopesha mteja, kutangaza na kungoja malipo. Ubora wa vakyumu yao ni suala jingine.

Leseni yenye maana ingeingilia hapo hapo, kwenye zile saa mbili zisizoonekana. Uingereza imekaribia kwa upande wa kupasha joto. Rejista yao ya mafundi wa gesi, Gas Safe, iliyochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009, inampa kila fundi kadi yenye picha, na nyuma ya kadi zimeorodheshwa kazi anazoruhusiwa: huyu boila, huyu jiko, huyu yote mawili. Mwenye nyumba anaigeuza anasoma. Kadi hiyo ni ya mtu, na inasema kazi. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya gesi hizi ya mwaka 2024, umeongeza kwamba mwenye cheti apitie mafunzo au tathmini upya angalau kila miaka saba, na kwamba gesi zinazowaka zimo ndani ya mafunzo. Linganisha na cheti cha shirikisho cha Marekani cha kushika gesi, kile cha Kifungu cha 608 cha Sheria ya Hewa Safi, kilichoanza kudaiwa mwaka 1994. Kimegawanywa vizuri kwa aina za mashine, na kina heshima yake kwa sababu kinahusu gesi yenyewe bila kuuliza ofisi ya mtu. Lakini hakiishi muda. Aliyefaulu enzi za R-22, wakati gesi za viyoyozi vya majumbani zilikuwa haziwaki, anahesabiwa amefaulu mpaka leo.

Kwa hiyo ningeondoa nini na kuongeza nini? Ningepunguza uzito wa ofisi, dhamana na miaka, hasa kwa mtu anayeanza na mashine ndogo za majumbani. Nafasi yake ningeweka mtihani wa mikono: lehemu kiungo hiki, tanua mdomo wa bomba hili, vuta mpaka mikroni 500, nyonya gesi yote bila kuachia, pima uzito urudishe. Unaweza kumaliza kwa siku moja, na msimamizi awe mtu asiyekuajiri. Pia ningelazimisha kila ankara iandikwe uzito wa gesi iliyoingia, kipimo cha vakyumu kilichofikiwa, na shinikizo la majaribio. Mistari mitatu. Fundi makini tayari anavyo vipimo hivyo mkononi, kwa hiyo havimgharimu; asiyekuwa na kipimo cha mikroni kabisa itabidi adanganye kwa maandishi, na uongo wa maandishi una kesi. Mteja naye hatimaye anapata kitu cha kulinganisha zaidi ya jumla iliyo chini ya karatasi.

Kuna pingamizi la haki hapa: hizo karatasi nazo zitaghushiwa, na wakaguzi watageuza ukaguzi kuwa mradi wao. Sehemu fulani itakuwa hivyo. Lakini dhamana, ofisi na barua za uzoefu zinaghushiwa tayari, na tofauti ni kwamba zikighushiwa hakuna kinachoweza kuhakikiwa kwenye mashine yenyewe. Gesi inaweza kunyonywa na kupimwa upya, na uzito wake ukalinganishwa na ule ulioandikwa.

Pampu za joto zinalifanya jambo hili liwe la haraka kuliko linavyoonekana. Mashine moja inapasha nyumba msimu wa baridi na kuipoza msimu wa joto, na ndani yake mna gesi ileile ya viyoyozi. Fundi wa boila aliyezoea maji na moto sasa anahitaji cheti cha gesi, na fundi wa viyoyozi anajikuta anaunga mabomba ya maji ya moto. Mifumo ya leseni iliyogawanywa kwa majina ya biashara inawataka wote wawili walipe mara mbili, ilhali iliyogawanywa kwa kazi ingewaongezea mstari mmoja tu nyuma ya kadi. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2018 kwamba dunia ilikuwa na viyoyozi bilioni 1.6, na kwamba vingefika bilioni 5.6 ifikapo 2050. Hizo bilioni nne zitafungwa na mtu, na mlango wa leseni ukiwa mwembamba zitafungwa na waliopita dirishani.

Wengine wameshaanza. R-22 inapozidi kuadimika, mashine zake bado ziko ukutani kwa mamilioni, na wenye mashine hawana fedha za kununua mpya. Kishoka analo jibu la bei nafuu: anajaza propani ndani ya mashine iliyoundwa kwa gesi isiyowaka, yenye swichi na relei zinazotoa cheche kila kompresa inapowaka. Inapoza vizuri tu, pengine vizuri kuliko awali. Hakuna kibandiko kinachosema kuna nini ndani. Fundi atakayefuata, mwenye leseni zake zote, atakuja na moto wa kulehemu akiamini maandishi ya kiwandani yaliyo ubavuni mwa mashine.